Chupa ya Ishirini

Tangu utotoni Dorkasi hakujua kutulia. Alizaliwa Mponde, kwenye nyumba za wachuma chai, kwa baba mtu wa Singida aliyekuja kufanya msimu mmoja akaishia kuzikwa huko huko. Wenzake wakishika mstari mmoja wa chai mpaka jioni, yeye alikuwa na mistari mitatu, na yote mitatu haijaisha. Msimamizi alimsema, mama yake alimchapa, wapi. Mtu kaumbwa hivyo, utamfanyaje?

Akaolewa Lushoto na Elinuru, fundi seremala, mwanamume wa maneno machache ambaye akianza kupiga randa ubao mmoja, asubuhi yote imekwenda. Dorkasi aliuza mapeasi stendi, akaacha. Akafuga kuku, kideri kikawafyeka. Akashona sare za shule, nako akashindwa, maana cherehani inataka uketi. Kila biashara aliianza kwa vifijo na kuiacha kwa hasira, na kila alipoiacha usingizi ulimpaa wiki nzima. Alipofika miaka arobaini na sita, mtoto wao mkubwa Rubeni akiwa amekwisha kwenda zake Dar es Salaam, Dorkasi alikuwa hana hata kitu kimoja cha kukiangalia na kusema hiki nimekijenga mimi. Hilo lilimuuma, tena lilimuuma vibaya.

Habari ya chupa aliipata kwenye semina. Kikundi chao cha wanawake kiliitwa siku moja kumsikiliza mtaalamu aliyepanda kutoka Tanga kufundisha namna ya kuanza biashara ya kukusanya plastiki. Yule bwana alisema mambo mengi, chai ikanywewa, maandazi yakaliwa, ila Dorkasi aliondoka na matatu. La kwanza, usikusanye hata gunia moja kabla hujampata mnunuzi. La pili, uwe na mahali pakavu. La tatu, mali iwe safi, kwa sababu chupa moja chafu inaharibu gunia zima. Wenziwe walitoka wakicheka kwamba kuokota taka ni kazi ya wendawazimu. Yeye hakucheka, na kesho yake kabla umande haujakauka alikuwa barabarani na kiroba begani.

Mnunuzi akampata. Aliitwa Abdulaziz, mtu wa Tanga, mwenye lori lake na adabu zake. Makubaliano yalikuwa mepesi kuyaeleza na magumu kuyatimiza: Dorkasi akifikisha magunia mia moja na kumi, makavu na masafi, lori litapanda. Abdulaziz akiridhika na mzigo huo wa kwanza, atapanda kila mwezi. Asiporidhika, basi, maana kona za kutoka Mombo zinakula mafuta, na hakuna mfanyabiashara anayepanda mlima mara mbili kufuata hasara.

Kwa hiyo mzigo wa kwanza ndio ulikuwa kila kitu. Dorkasi aliwavuta wanawake wanane waingie naye, mmojawao Lightness, binti mwenye mtoto mgongoni aliyeacha kibarua chake cha kufua nguo ili amfuate. Wote waliambiwa kwamba watagawana. Wote walianza kuota ndoto zao kabla ya lori kufika. Dorkasi alijua hivyo, na ndiyo maana miezi yote mitatu ya kukusanya hakula chakula chake akakimaliza. Alikuwa anatafuna tonge mbili anainuka, anakwenda uani, anashika gunia hili, anashika lile, anarudi. Elinuru akimwambia akae, anakaa, halafu unakuta kiti kitupu.

Kwenye usafi ndiko alikozidisha. Alipita kwa kila mtu aliyemletea chupa akawatangazia amri yake: sipokei chupa yenye lebo, yenye tope, wala yenye kamba. Osha kwa sabuni, bandua kila kitu, chupa iwe uchi. Watu walimcheka kwamba anataka chupa za kwenda harusini, lakini walitii. Na kweli, ukilitazama lile lundo lake uani lilikuwa linang'aa, huwezi kujua ipi ilikuwa ya maji, ipi ya soda, ipi ya juisi.

Ikaja wiki ya lori. Siku zote hizo za mwezi wa saba ukungu ulikuwa umeukalia mji, na manyunyu hayakatiki. Jumatano Dorkasi akaitisha ngemo, ile kazi ya pamoja ya Wasambaa, ambapo majirani humjia mtu siku moja wakammalizia shamba lake, na mwenye shamba hupika. Safari hii hakukuwa na shamba. Alipika makande sufuria kubwa, na wanawake wakazikanyaga chupa mpaka zikawa bapa, wakazifunga vifuniko zisifutuke tena, wakashindilia magunia chini ya banda la Elinuru. Ilikuwa siku ya kelele na utani. Katikati ya shughuli akaja Fanueli, mkulima wa nyanya wa bondeni, na tenga lake la chupa zilizooshwa vizuri, akazimwaga kwenye lundo na kwenda zake. Muda si mrefu akapita Bibi Esteria, jirani wa juu kwenye njia ya Irente, akaomba chupa moja ya kuwekea maziwa ya mjukuu wake.

Milimani kule chupa tupu haina mwenyewe. Ndiyo ya maziwa, ya asali, ya mafuta ya kula, ya dawa ya kikohozi, na kumnyima jirani chupa ni kama kumnyima moto. Dorkasi aliinama, akaokota iliyokuwa karibu na mguu wake, akampa mama wa watu huku akihesabu magunia. Hata kifuniko hakukifungua.

Ijumaa jua likatoka. Dorkasi aliliona kupitia ufa wa dirisha akapiga magoti palepale kushukuru, na huenda huo ndio muda mrefu kuliko wote aliotulia mwaka ule. Lori lilifika saa tatu. Abdulaziz alishuka akiwa amejikunyata kwa baridi, akasalimia kila mtu kwa nafasi yake, akafungua magunia mawili akayakagua, akasema mali nzuri. Dereva akaongeza kwamba saa nane juu ya alama wanateremka, kwa kuwa kuna mzigo mwingine unawangoja Mombo. Wanawake wakaanza kupakia kwa nyimbo.

Gunia la thelathini na ngapi sijui likateleza mikononi mwa Lightness, likapasuka, chupa zikatawanyika kwenye jua. Walikuwa wanazikusanya huku wakicheka, mara kifuniko kimoja kikafyatuka kwa joto, na Dorkasi akasikia harufu. Aliijua. Mtu aliyewahi kupiga dawa nyanya hawezi kuisahau harufu ile, inashika nyuma ya koo. Katika baridi ya siku zote zile ilikuwa imelala ndani ya chupa, na jua alilolililia ndilo lililoiamsha.

Alimpigia Fanueli simu. Fanueli hakuficha, na kwa nini afiche? Wakulima wa kule hawana uwezo wa kununua kopo zima la dawa. Wanakwenda dukani na chupa ya maji, wanapimiwa kidogo, na ili mtu asije akakosea wanaifunga uzi mwekundu shingoni. Hata mtoto wa miaka minne anajua kuwa chupa yenye uzi mwekundu haiguswi. Fanueli alikuwa nazo ishirini, amezifunga kumi kumi, akazipeleka mtoni akaziosha kwa sabuni mara tatu.

"Ulisema chupa iwe uchi, Mama Rubeni," alimwambia kwa upole kabisa. "Nikazitoa nyuzi zote."

Dorkasi alikata simu. Ishirini, na zimechanganywa katika magunia mia moja na kumi kwa mikono ya wanawake tisa, yake ikiwamo. Halafu akamkumbuka Bibi Esteria, na hapo hakuaga mtu.

Wale waliomwona akipanda njia ya Irente wanasema hawajapata kumwona mwanamke wa umri wake akikimbia mlima namna ile, kanga inapepea, kiatu kimoja kimebaki matopeni. Alifika kwa Esteria hana pumzi. Bibi alikuwa anachambua maharage mlangoni. Dorkasi alisahau hata shikamoo. Aliingia jikoni moja kwa moja, akaiona chupa juu ya kabati, maziwa nusu, akaibeba akayamwaga yote uani, halafu akaenda nayo chooni akaitupa shimoni, ili isije ikaokotwa na mwingine. Alifanya yote hayo kwa muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Ndivyo alivyo, anatenda kwanza.

Esteria aliweka ungo chini taratibu. "Umeingia kwangu bila salamu," akasema, "umemwaga maziwa ya mtoto, na chupa umeitupa chooni. Haya. Sasa niambie."

Akamwambia. Mama wa watu hakupiga kelele. Aliuliza tu kama hata kunusa alinusa, na Dorkasi akakiri kwamba hakunusa. Mjukuu, Valentino, wa miaka mitatu, alikuwa amekunywa kikombe asubuhi hiyo, na sasa alikuwa amelala. Walimwamsha. Akaamka na kisirani chake, analia, anawasukuma. Dorkasi akamfunga mgongoni, wakaondoka naye hadi zahanati.

Tabibu alikuwa dada kijana aitwaye Husna. Alimpima mtoto mapigo, akamtazama machoni kwa tochi, akauliza ametapika, ametoka mate, ametetemeka. Hapana. Akasema kwa alivyomwona mtoto hana dalili, lakini hamruhusu kuondoka. Atabaki chini ya macho yake mpaka saa nane, na akionyesha lolote gari litaitwa kumpeleka hospitali. Saa ilikuwa inakwenda saa tano na nusu.

Simu ya Dorkasi ikaanza kuita. Lightness anauliza yuko wapi, wamebakiza magunia arobaini. Lightness tena, Abdulaziz anataka kuagana naye. Dorkasi alikuwa ameketi kwenye benchi la ubao, mtoto mapajani, Esteria pembeni anasali kimoyomoyo. Miguu ilimwasha. Mwili mzima ulikuwa unamwambia inuka, kimbia, lori linaondoka. Na angeinuka nani angemlaumu? Bibi yupo, tabibu yupo. Alijiambia hivyo mara tatu, mara zote tatu mtoto akajigeuza, naye akamtazama mboni za macho, akabaki. Alikuwa anaogopa, tena anaogopa vitu viwili kwa pamoja, na alijichukia kwamba hata pale, mtoto wa mtu mikononi, nusu ya moyo wake ilikuwa kwenye magunia.

Akamnong'oneza Esteria kwamba mtoto akisalimika, hatakosa tena kumshukuru Mungu. Esteria alimjibu bila kumtazama.

"Huyu tunamwona, Mama Rubeni. Wale wengine waliochukua chupa kwako tusiowaona, je?"

Saa saba na robo Valentino akadai ndizi. Akala, akadai nyingine, akaanza kuvuruga kadi za Husna mezani. Husna alisubiri hadi saa saba na nusu, akampima tena mara mbili, akasema saa nane haina haja kuingoja, waende, lakini bibi asimwache peke yake hadi asubuhi. Dorkasi alilia kidogo, akajifuta, akachukua bodaboda ya kwanza aliyoiona.

Lori lilikuwa limejaa, turubai limefungwa, dereva kwenye usukani. Wanawake walikuwa wamejipanga wanapiga vigelegele, maana Abdulaziz alikuwa amekwisha kusema mwezi ujao atarudi. Dorkasi alimvuta kando akamweleza. Alikuwa na haki ya kunyamaza, wengi wangenyamaza, na mimi nisingeapa kwamba nisingekuwa mmoja wao. Abdulaziz alisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Mama, huko kiwandani zinasagwa na kuyeyushwa," akasema. "Chupa ishirini katika lori zima, nani atanusa? Nimepanda mlima. Tuteremke salama, safari ijayo uangalie."

"Kabla ya kusagwa zinachambuliwa na nani?"

Abdulaziz akasema kwamba ni akina mama, kwa mikono, na kwamba wengine huchukua chupa nzuri nzuri kwenda nazo nyumbani. Alikuwa mtu mkweli, nalo hilo tulitaje.

"Basi shusha," Dorkasi akasema.

Vigelegele vilikatika. Dereva alitukana chinichini, akafungua turubai. Magunia yakaanza kurudi chini moja moja, na hakuna aliyeimba. Abdulaziz hakugombana. Aliaga kwa heshima ileile aliyosalimia nayo, akasema hata hivyo asimngoje, mlima huu hawezi kuupanda tena, na lori likaondoka tupu saa tisa kasoro. Lightness alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mtoto mgongoni, machozi yanamtoka hayafuti.

"Umetuua, Mama Rubeni," alisema.

Dorkasi alishika gunia lililokuwa karibu akaanza kuliburuta bandani. Yule binti alikuwa ameacha kibarua chake kwa ajili ya maneno yake.

Wanawake watano waliondoka jioni hiyo na hawakurudi. Watatu walirudi kesho yake, Lightness mmojawao, amenuna, hasemi na mtu. Walifungua magunia yote. Waliziweka chupa juani, wakazifutua, wakazifungua vifuniko, wakanusa moja moja. Hata Elinuru aliacha randa yake akaja kunusa, uso ameufunga kitambaa. Kazi hiyo ilichukua siku kumi na moja, kwa maana jua lenyewe lilikuwa la kubahatisha, na kila jioni walikuwa na vichwa vinagonga. Kila iliyonuka dawa waliifunga uzi mwekundu na kuiweka ndani ya pipa lenye kufuli. Siku ya kwanza zilipatikana saba. Kufikia wiki, kumi na tano. Siku ya kumi na moja, wakati lundo limekwisha na uwanja umefagiliwa, walizitoa pipani wakazihesabu. Zilikuwa kumi na tisa.

Walizihesabu tena. Dorkasi akaenda kwa Fanueli kwa miguu, akamuuliza kama ana hakika. Ana hakika, alifunga kumi na kumi. Wakalinusa lundo lote kwa mara ya pili. Kumi na tisa.

Elinuru, katika maneno yake machache, alisema ile ya ishirini bila shaka ndiyo iliyoko chooni kwa Esteria. Inawezekana. Mtoto alikunywa kikombe kimoja, na Fanueli aliosha mara tatu, huenda Mungu alisaidia. Lakini Dorkasi hakuinusa. Angeivumilia dakika moja mkononi, akaifungua, akaivuta puani, leo angekuwa anajua. Na Jumatano ile ya ngemo watu walipita wengi, na alikuwa anagawa chupa bila kuangalia uso wa anayepokea. Usiku analala chali anawataja majina, mmoja mmoja, halafu anaanza upya.

Magunia yale yaliuzwa baadaye, nusu nusu, kwa mtu wa Korogwe, juu ya magari ya mboga yanayoteremka. Haikuwa kama walivyoota, ila biashara ipo, inatembea, na Lightness siku hizi ndiye anayeshika mizani. Habari ya lori lililoshushwa ilienea, ikaongezwa chumvi, ikafika mpaka Zirai. Siku moja wakaja kutoka huko vijana watatu na daftari, wanataka ushauri wa namna ya kuanza kazi ya chupa. Walilala kwa mwenyeji wao hapo mjini, asubuhi wakaja.

Dorkasi aliwapokea vizuri, akawapa viti, mwenyewe akabaki amesimama. Aliwaambia ya mnunuzi, ya mahali pakavu, ya jua na baridi. Aliwaambia wasinunue chupa kabla hawajaingia kwenye nyumba inakotoka wakauliza ilibeba nini, na wasimwamini mtu anayewaambia usafi ndio mwanzo. Walikuwa wanaandika kwa bidii. Mmoja wao, kijana mwembamba, aliona kiu, akatoa chupa ya maji kwenye mkoba wake, haina lebo, imeoshwa ikatakata, akafungua kifuniko.

Dorkasi akakatika katikati ya sentensi. Akamuuliza chupa hiyo kaipata wapi. Kijana akashangaa, akasema amepewa na mwenyeji wao, mtu wa hapahapa mjini.

"Usinywe," Dorkasi akasema, na mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka. "Nipe kwanza niinuse."